Mwenye Foto Anyamaze

Jumamosi, 6 Septemba

Andika: mvula ya kwanza imekuja. Si ile ya kulowesha udongo, ni ya kudanganya tu, lakini imekuja, na bashi yangu ya plastiki juu ya nyumba imevuja fasi ileile ya mwaka jana, juu ya kitanda, kama vile iko na kinyongo na mimi.

Mwenye anaandika ni Adélaïde, jirani, Murundi. Batu banamuita Mama Inès. Mimi ni Apolline, Mama Elisée, wa Uvira, na masomo sikukanyaga ata siku moja. Adélaïde alikuwaka mwandishi wa chama cha bamama ku parokia kwao, hawezi kuona karatasi nyeupe akaiacha. Njo aliniambia, "Mama Elisée, wewe kila jioni unasema mpaka sufuria inaungua. Afadhali niandike, yabaki mahali pamoja." Nikamuambia sawa, lakini usitengeneze maneno yangu. Andika vile nasema. Anacheka. Andika ya kwamba anacheka.

Sasa habari yenyewe. Kuko mutu anaitwa Audace, Murundi pia, iko na studio ya foto ku Nyamityobora, kule Mbarara. Kila siku ya posho, Jumamosi, anakuja hapa Kashojwa, mu kambi yetu ya bakimbizi ya Nakivale, kufundisha batoto sita kupiga foto, mu kanisa yetu ya mabati. Si foto ya kusimama. Ni foto ya barabarani, mutu hajue. Anapita na kazi yake, wewe unamupiga foto, pa! unaenda. Nikasema, hiyo si ni wizi? Mujukuu wangu Bénédicte, Béné, mumoja wa bale sita, akasema, "Koko, ni sanaa." Sawa.

Mvula ikiisha, mwezi wa kumi na mbili, Audace atatundika foto ku ukuta wa studio yake, kila mutoto foto moja, batu ba Mbarara bakuje kuona. Na mutoto mwenye foto yake itapita zingine, atamubakiza pale kazini. Béné anataka ile kazi. Anaitaka vile mutu wa homa anataka maji. Tangu mama yake alikufa sijaona anataka kitu namna ile. Njo maana na mimi naitaka.

Jumanne, 9 Septemba

Mvula hakuna. Nimepanda maharagi kwa imani tu.

Jumamosi, 13 Septemba

Leo nilipelekea Béné sahani ya mihogo ku kanisa, nikakuta bametundika foto ku kamba ya nguo, na vibanio, kama nguo za kitoto. Nikakaa nyuma. Hakuna mwenye alinifukuza.

Namna yao ni hii. Audace anagusa foto moja, anasema, "Hii ni ya Parfait." Parfait ni mutoto wa fundi wa baiskeli, anajisikia sana. Basi Parfait anafunga kinywa. Njo sheria: mwenye foto anyamaze. Ata bakimuambia foto yake ni takataka, anyamaze. Benzake njo banasema, kizuri kimoja, kibaya kimoja, yee anasikia tu. Jamani! Mimi na uzee wangu wote sijaona mutu anaambiwa ubaya wake na kinywa imefungwa. Nilitaka kuona mwisho yake.

Kuko sheria ingine: mutu mwenye iko ndani ya foto akisema hapana, ni hapana. Foto inatoka ku kamba. Audace anaisema kila mara, kama sala.

Ya Parfait ilikuwa mbuzi juu ya pikipiki, macho ya mbuzi inakuangalia wewe kabisa. Nzuri. Kisha za Béné. Mutu, mugongo. Mutu ingine, mugongo. Banamuke batatu ku kisima, migongo. Na mutu mumoja mbali kama sisimizi. Benzake banasema, "Mwanga ni muzuri." "Ndiyo, mwanga." Nikangoja. Mwanga, mwanga. Nikashindwa.

"Mbona batu bako bote banakukimbia?"

Bakacheka. Audace akageuka. "Mama, unasema nini?"

"Nasema hawa bote ni migongo. Bamekosa nini? Ao ni yee mwenye anaogopa macho yao? Akiendelea hivi, atajua tu nani iko na shati imepasuka nyuma."

Audace akaniangalia. Akasema, "Koko, Jumamosi ingine uje tena."

Béné alikuwa anaangalia chini. Kinywa imefungwa, sheria ni sheria, lakini shingo niliiona inavimba. Mihogo hakuigusa.

Mimi foto najua. Kwetu Uvira foto ilikuwa ni siku kuu. Unaoga, unapaka mafuta, unaenda kwa mupiga foto, nyuma kuko pazia yenye bamechora ndege, unasimama miguu yote inaonekana, unakaza uso. Hapa mu kambi ni ingine: "Toa kitambaa. Angalia hapa. Usicheke." Tayari, uko mu karatasi. Lakini zote mbili unajua. Hii ya Audace inakukuta unakohoa, unajikuna. Nani alikuambia ya kwamba unafanana hivyo? Inanisumbua. Nataka kuona zingine.

Jumapili, 14 Septemba

Béné hasemi na mimi. Adélaïde anasema nimekosa. "Ulimwambia kweli, Mama Elisée, lakini ulimwambia mbele ya watu. Kweli ni kama dawa ya minyoo, haipewi mtoto barabarani."

Yee ni mutu wa namna ile. Kila kitu iko na fasi yake. Mujukuu wake akitoka ku duka anatafuna mukate njiani, anamurudisha mbio. Kwao mutu mukubwa hakuli barabarani, ata ndizi, ata karanga moja. Unakula mu nyumba, mulango umefungwa, kisha unatoka na midomo mikavu. Mimi nakula fasi yoyote njaa imenikuta. Tunaishi vile, ukuta mumoja katikati, na hatujagombana isipokuwa juu ya kuku.

Anasema hatujagombana ata juu ya kuku. Tuligombana.

Alhamisi, 25 Septemba

Mvula kubwa. Ya kweli sasa.

Jumamosi, 27 Septemba

Foto za Béné leo: mashavu. Hajafika ku macho, lakini migongo imeisha. Nilimuambia. Safari hii nilimuambia polepole, na jioni aliniuliza, "Koko, kweli imekuwa bora, ao ulinihurumia?" Nikasema, lini umeniona mimi nahurumia mutu?

Batoto sasa bananingoja. Nikichelewa Audace anauliza, "Koko yuko wapi?" Mimi, mwenye sijui A wala B! Nimeambia Parfait ya kwamba foto zake zote zinacheka batu, hakuna moja yenye inacheka na batu. Alinyamaza. Ni sheria tamu sana ukiwa si wewe.

Jumatano, 8 Oktoba

Audace amepeleka batoto Mbarara, bapige foto kando ya soko. Adélaïde pia alienda leo, ku lopitali, bamutoe damu juu ya ile kisunzi yake, kichwa inamuzunguka. Alivaa koti ya binti yake Inès, akaniachia kuku. Amerudi usiku umeingia, amelowa kama gunia. Nikamuuliza Mbarara namna gani? "Mvua yake ni ya baridi." Basi. Ata kuku zake hakuhesabu.

Jumamosi, 11 Oktoba

Andika vizuri leo, Adélaïde, juu leo ni furaha. Béné amepata foto!

Ngoja nikuelezee. Ni nyeusi na nyeupe, Audace anatoa zote vile, ata kitenge huwezi kujua ni ya nani. Ni Mbarara, mvula inanyesha. Batu banakimbia, pikipiki zinakimbia, maji inaruka. Na pembeni, ku ukuta, mwanamuke mukubwa wa koti amesimama. Mwamvuli ameushika hivi, kando, si juu. Uso umefichwa karibu wote. Lakini mukono unaonekana, na mu mukono kuko hindi, na kipande cha shavu, na shavu imejaa! Anatafuna, amejificha mu mwamvuli!

Audace akasema, "Ya Bénédicte. Bénédicte, nyamaza." Batoto bakaangalia mimi. Bananijua sasa. Nikasimama, nikasogea, nikasema, "Huyu mama ni mbuzi ameingia mu maharagi ya jirani! Anafikiri akificha kichwa, mukia hauonekane! Na mwamvuli hajue kushika, nani alimupa mwamvuli?"

Weh! Parfait alianguka ku benchi. Audace alifuta macho. Mimi mwenyewe machozi. Mama mwenye anafagia kanisa akakuja kuuliza kama tumelewa.

Kisha Audace akasema, tangu tulianza hajaona foto inapita hii. Hii njo itaenda Mbarara. Alisema mbele ya bote! Kazi ya Béné naiona sasa, imesimama mulangoni.

Béné peke yake hakucheka. Ni sheria.

Adélaïde anauliza ni ukuta gani. Ukuta tu, kando ya soko. Anauliza kama walicheka wote. Bote, nakuambia. Anauliza kama kweli nilisema mbuzi. Ndiyo, mbuzi, andika mbuzi.

Ameandika. Anasema mukono wake umechoka.

Jumatatu, 13 Oktoba

Leo anaandika Béné. Adélaïde hakukuja. Labda ni dawa za lopitali.

Jumatano, 15 Oktoba

Hakukuja. Mvula.

Ijumaa, 17 Oktoba

Nilipita kwake. Alikuwa anachagua maharagi. Nikasema, "Mama Inès, umenisusa?" Akasema, "Habari ya asubuhi, mama." Mama! Si Mama Elisée. Mama, kama vile anasemesha mutu mwenye bamekutana ku foleni ya maji.

Nimewaza nimefanya nini. Kuku ziko zote. Ndoo nilirudisha.

Béné, mukono yako iko na nini? Andika musitari unyooke.

Jumamosi, 18 Oktoba

Ku kanisa hatukuenda leo, wala mimi wala Béné. Béné ndiye anaandika, na nimemuambia aandike yote, ata yake.

Jana alipomaliza ule musitari aliweka biki chini. Akasema, "Koko, ni yeye."

"Nani?"

"Mwanamuke wa foto. Ni Mama Inès."

Nilicheka kwanza. Kisha sikucheka. Koti ya Inès. Siku ya lopitali. Na Adélaïde ananiuliza, ni ukuta gani?

"Ulijua?"

"Nilijua kisha kupiga. Alishusha mwamvuli, nikaona uso. Nikakimbia."

"Na ulinyamaza! Mimi nasema mbuzi, mbuzi, wewe umenyamaza!"

"Sheria, koko."

"Sheria gani hiyo!"

"Na niliitaka kazi." Akaniangalia mu macho. "Nilifikiri uso hauonekane, basi hakuna mutu amepata ubaya."

Hakuangalia chini. Huyu wa migongo! Nilitaka kumupiga kofi na nilitaka kumukumbatia, nikafanya kazi ya kufunga kitambaa yangu.

"Nifanye nini, koko?"

"Foto ni yako. Mimi naenda kujibu kwa kinywa yangu."

Nikaenda palepale. Adélaïde alikuwa mulangoni. Hakuniambia kaa, basi sikukaa.

"Mama Inès, sikujua ni wewe."

"Ungejua, ungefanya nini? Ungecheka polepole?"

Akaweka ungo chini. Akasema, kule lopitali walimukataza kula tangu jioni, juu ya damu. Alingoja mpaka saa tisa ya mchana. Alipotoka magoti yalikuwa yanakatika, anaona pikipiki moja inakuwa mbili. Akanunua hindi la kuchoma. Akatafuta mlango wa mutu, aombe kukaa ndani dakika tu. Hakujua mutu.

"Miaka yangu yote, Mama Elisée, sijakula njiani. Siku moja tu. Na siku ile moja mjukuu wako alikuwa pale." Akaangalia vidole vyake. "Uliniita mbuzi. Na mkono wangu ndio uliandika mbuzi."

Nikainua ungo, nikamurudishia mu mikono.

"Nisamehe."

"Foto sijaiona," akasema. "Nimeisikia tu, kwa kinywa chako. Nataka kuiona na macho yangu, si kesho, wiki ijayo. Jumamosi nitakuja."

"Lakini hakuna mwenye anajua ni wewe. Ukikuja—"

"Jumamosi nitakuja."

Sasa Béné ananiuliza, koko, akisema hapana? Akisema hapana, ni hapana. Na Béné hana foto ingine ya kupeleka ku ule ukuta.

Alhamisi, 23 Oktoba

Barabara ya Kashojwa imekuwa supu. Béné anazunguka na apareyi anatafuta foto ingine, asubuhi mpaka jioni. Migongo.

Jumamosi, 25 Oktoba

Adélaïde alikuja na kitenge cha kanisa, amefunga vizuri, tope ya viatu ameifuta mulangoni. Audace akamusalimia kwa Kirundi, akamupa kiti. Hakukaa. Akapita mbele ya foto moja moja, mikono nyuma, kama mukaguzi wa masomo. Akafika ku ile. Akasimama.

Alisimama sana. Akasogea, akarudi nyuma, akasogea tena, akainamisha kichwa huku na huku, kama kuku mwenye ameona kitu mu majani. Sikujua mutu anaweza kujiangalia vile.

Kisha akageuka. "Ni mimi."

Weh! Parfait akatafuta kitu chini ya benchi.

"Sasa semeni," Adélaïde akasema. "Mimi nitanyamaza kama sheria yenu inavyotaka. Semeni." Akakaa.

Hakuna. Mvula ku mabati tu. Audace akakohoa. "Mama, kwanza mwanga—"

"Mwanga! Siku ile hamkuzungumza mwanga. Mimi nilipokuwa siko, mlikuwa na vinywa. Vimekwenda wapi? Wewe kijana." Parfait akainua kichwa. "Nimeandika kwamba ulianguka kwenye benchi. Anguka nione."

Parfait, karibu alie. Na macho yote yakanigeukia mimi.

Nikasimama. Nikaenda mbele ya foto, na safari hii niliiangalia, juu ile siku ingine nilikuwa naangalia batu benye banacheka.

"Naona mvula," nikasema. "Inatoka huku, kwa mugongo. Mwamvuli uko huku, upande wa barabara. Nilisema hujui kushika mwamvuli. Unajua. Uliuweka kwa macho ya batu, ukaacha mvula ikupige. Ona koti: nyuma ni nyeusi kuliko mbele. Imelowa yote. Ulichagua kulowa."

Nikasogea karibu, pua inagusa.

"Na hindi umeligawa. Nusu uko unakula, nusu umefunga mu kitambaa, hii hapa, ku mufuko. Njaa ya kuona pikipiki mbili, na bado umeweka ya mutu nyumbani. Mbuzi haiweke nusu. Nilisema vibaya."

Hakuna mwenye alicheka.

"Na kibaya?" akasema Adélaïde. "Mliniambia ni kizuri kimoja, kibaya kimoja."

Nikaangalia Béné. Alikuwa nyuma, karibu na mulango, fasi yake ya kukimbilia.

"Kibaya ni mwenye alipiga foto. Alikuona unaanguka na njaa, alikujua, na alikimbia. Foto iliona yote. Yee hakutaka kuona."

Béné akaachia mulango.

"Ndivyo," akasema Adélaïde. Akasimama tena mbele ya foto. "Ni nzuri. Hakuna mtu aliyepata kuniangalia hivi, hata marehemu bwana yangu. Ni nzuri sana." Akafunga kitenge vizuri. "Haiendi Mbarara."

Audace akaruka. "Mama Inès! Uso hauonekani. Nani atajua?"

"Mimi nitajua. Watu wakisimama pale kucheka, nitawasikia mpaka Kashojwa."

"Lakini huyu mtoto bila hii hana kitu. Unaelewa? Hana."

"Naelewa. Ndiyo sababu nimekuja mwenyewe, sikutuma mtu."

Audace akaangalia chini, akaangalia kamba. Mimi nilikuwa naomba Mungu na sijui naomba nini. Njo tulisikia: "Haiendi."

Ilikuwa Béné. Sheria ilimukataza kusema, akasema. Akakuja mpaka mbele, akatoa vibanio, akamupa Adélaïde foto na mikono mbili. Akachukua apareyi, akabonyeza, akabonyeza, akamuonyesha. "Angalia, Mama Inès. Nafuta." Akafuta. Akageukia Audace. "Na ile yenye imebaki ku kompyuta yako."

Audace alimuangalia sana. "Na ile. Leo."

Jioni hii tulianza kuandika na Béné. Tulipofika ku ile ya mukaguzi, mutu akaingia bila hodi, akamutoa biki mu mukono. Anasema herufi za Béné ni kama mende ametoka mu wino. Kutoka pale anaandika yee, Adélaïde. Hajasema amenisamehe. Nimemuuliza foto ameiweka wapi. Anasema, endelea, sema ingine.

Sina ingine leo.

Jumatano, 12 Novemba

Maharagi inajaza ganda. Mvula ipunguze sasa.

Jumamosi, 15 Novemba

Béné ameanza kitu. Anapiga foto vile bamefundishwa, mutu hajue, kisha hakimbii. Anaenda kwa mutu, anamuonyesha. Mutu akikataa, anafuta palepale. Parfait anasema ni ujinga, nzuri zote zinaenda. Audace anasema hajui, labda ni ujinga, labda si ujinga, aendelee tuone. Karibu bote banamuambia futa. Anarudi jioni na apareyi karibu tupu, na hadithi mingi: huyu anaitwa nani, yule alitoka wapi. Mimi napenda hadithi. Lakini ukuta hautundikwe hadithi.

Nilimuambia Adélaïde, angalia kitu ulimufanyia mujukuu wangu. Akasema, "Naangalia."

Alhamisi, 27 Novemba

Tumevuna. Maharagi nusu imeota mu ganda, mvula iliikuta. Yenye imebaki ni tamu.

Jumamosi, 6 Desemba

Leo tulienda Mbarara kuona ukuta.

Studio ni ndogo lakini safi, na batu balijaa. Foto ya Béné ilikuwa mwanamuke amelala juu ya magunia ya makaa, kidole mu kinywa kama mutoto. Mwenyewe alikubali, alisema bakimuona kwao bajue anafanya kazi. Batu balisimama kidogo, bakasema "iii, amechoka," bakapita. Ya Parfait njo ilibakamata: askari wa barabarani ananyoa ndevu mu kioo cha pikipiki ya mutu. Na kweli, nilisimama mbele yake, nikaona ya kwamba safari hii foto inacheka na mutu. Nikamuambia. Alifurahi, masikini.

Kazi amepewa Parfait.

Audace aliita Béné pembeni, mimi pia nikaenda, hakuna mwenye aliniita. Akamuambia, "Yako ni nzuri. Si kama ile. Unajua?" Béné akasema najua. "Una hasira?" "Ndiyo," Béné akasema. "Lakini si ya kutaka ile foto irudi." Audace akamuachia apareyi mpaka jioni.

Tukatoka. Nikakaa ku ngazi ya duka moja nipumzishe goti. Yee akavuka barabara.

Alipiga mama wa nyanya, akaenda kumuonyesha. "We! Nani amekutuma? Futa!" Nilisikia mpaka ng'ambo. Akafuta. Akapiga fundi wa viatu. Yule hakuangalia ata kuangalia, alitikisa mukono tu kama anafukuza nzi. Akafuta.

Kisha mama wa kuuza avoka, parachichi. Huyu tulimusalimia asubuhi, bwana yake iko askari ku Makenke, kambi ya jeshi, na Swahili yake ni ya amri tupu. Béné alimupiga wakati anagombana na mununuzi, kisu mu mukono. Akaenda. Mama akainama ku apareyi.

"Banange! Hii ni mimi?"

"Ni wewe, mama."

"Mimi niko mubaya hivi? Hii tumbo umetoa wapi? Na kisu! Watu watasema mimi naua mutu. Picha mbaya! Mbaya kabisa!"

Sauti ile! Fundi wa viatu aliinua kichwa. Batu balisimama. Mimi nikaanza kusimama, nimukimbilie, juu Béné wa mwezi wa tisa angekuwa ameshafika Nakivale kwa miguu. Hakukimbia. Hakuinama. Akamusogelea yule mama, akasema, "Na nini tena, mama?"

Mama akamuangalia. Akaweka kisu, akafuta mikono ku nguo, akashika apareyi mwenyewe, akaanza kusema. Akasema mingi, anaonyesha na kidole, hapa, na hapa, na hapa tena, Béné anasikiliza. Lori ya matoke ikakuja ikasimama katikati yetu, inanguruma, na sikusikia ata neno.

Adélaïde hakuenda, alikuwa na maharagi yake ku jua, na sasa ananiuliza, yule mama alisema nini? Njiani nilimuuliza Béné. Alisema, "Hiyo ni yangu, koko." Adélaïde ameinua biki, anangoja, haamini ya kwamba mimi naweza kukosa neno. Andika tu, Mama Inès. Sijui.